Likizo ya Desemba Nyumba Ikiwa Imejaa: Mwongozo Kamili wa Kushona, Kusuka na Kuendesha Nyumba

Desemba ikiingia, nyumba yetu ya Nyakato, jijini Mwanza, inatoka watu 6 na kufika 10. Wanatangulia watoto watatu wa wifi yangu kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawapangi tena foleni ya kivuko. Wakitoka alfajiri wanatukuta tunakunywa chai. Baada yao anafika mama mkwe kwa meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na mfuko wake wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kichwani. Sare zimefuliwa na kukunjwa, madaftari yamewekwa juu ya kabati, na ikifika saa 8 mchana watoto saba wamekaa barazani wakingoja niwaambie cha kufanya.

Nimefika mahali ninaupenda mwezi huu, na sababu yake ni kazi za mikono. Lakini zina masharti. Katika nyumba yenye shughuli nyingi, kazi ya mikono lazima ikae ndani ya ratiba ya nyumba, iwe na saa zake, na itoe kitu ambacho nyumba inakihitaji. Ukiianzisha asubuhi, chakula kinachelewa na kila mtu ananuna. Ukiianzisha usiku, sindano zinapotea. Ukitengeneza pambo lisilo na kazi, kufikia Februari liko chini ya kitanda linakula vumbi. Yote yanayofuata hapa yamejengwa juu ya hilo.

Wiki moja kabla shule hazijafungwa

Chukua daftari, zunguka nyumba nzima, uandike vilivyochakaa. Je, foronya za mito ya makochi zimefifia? Meza ina alama ya duara jeusi kwa sababu sufuria hutuliwa juu yake bila kitu chini? Watu wanaingia na matope ya mvua za vuli hadi sebuleni? Chagua vitatu tu. Likizo ni ndefu machoni, lakini ukiondoa siku za kufua, za sokoni, za ibada na za wageni, unabaki na siku kama 15 za kazi ya mikono, na kila siku ni saa mbili.

Sisi tulichagua foronya za makochi, vitu vya kutulia sufuria pamoja na kapu la vitunguu, vya kusukwa kwa mabua ya gugu maji la ziwani, na kifuta miguu cha mlangoni. Nitaeleza vyote vitatu, viwili kwa kirefu.

Vifaa tafuta mapema. Mafundi cherehani wana kazi nyingi kuelekea Krismasi, na kazi nyingi maana yake mabaki mengi. Nenda kwa fundi unayemfahamu, mpe mfuko safi, mwombe akuwekee vipande vya kitenge vyenye upana wa kuanzia kiganja kimoja na nusu, halafu urudi baada ya siku tatu au nne. Usimwendee tarehe 20 Desemba. Hana muda wa kukusikiliza, na ana haki. Kwa upande wa nyuma wa foronya, shuka la pamba la mtumba kutoka Mlango Mmoja linatosha na linabaki. Uzi imara wa kushonea makapu ni uzi wa nyavu, unaopatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi kule Kirumba. Hauozi wala haukatiki, na kipande kidogo tu kinatosha kazi nyingi.

Saa za kazi, na nani anafanya nini

Asubuhi ni ya nyumba: maji, kufagia, vyombo, soko, na kupika kwa mchana. Kazi ya mikono ni saa 8 hadi saa 10. Wakati huo chakula kimeshaliwa, vyombo vimeoshwa, jua ni kali mno kwa watoto kukimbia nje, na barazani kuna mwanga wa kutosha hata umeme ukikatika. Saa 10 ikigonga kila kitu kinarudi kwenye beseni, hata kama mtu amebakiza mshono mmoja. Ulegevu wa siku moja ndio unaoiharibu wiki, kwa sababu jioni ni ya wageni na ya chakula cha usiku, na vitambaa vilivyotandazwa sebuleni havipokei wageni.

Beseni nimelitaja kwa makusudi. Uwe na beseni moja kubwa lenye kifuniko, na kazi yote iishi humo: mkasi, futi ya fundi, chaki, uzi, pini, na kazi iliyofikia nusu ikiwa imekunjwa juu. Ndani yake weka kikopo cha pini zilizohesabiwa. Kwetu ni pini 20. Zinatoka 20, zinarudi 20, na mtoto mmoja kila siku ndiye mhesabuji. Ikipungua moja hakuna anayenyanyuka mkekani mpaka ipatikane. Tuna sumaku iliyotolewa kwenye spika bovu la redio. Unaipitisha juu ya mkeka polepole na pini inaruka yenyewe kuishika. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa, naomba sana usilichukulie jambo hili kwa wepesi.

Kuhusu umri, watoto wa miaka 4 hadi 6 wanapanga rangi, wanapeleka mabua juani na kufunga mafundo ya kifuta miguu. Wa miaka 7 hadi 10 wanachora kwa chaki, wanasuka na kukata kwa mkasi usio na ncha. Kuanzia miaka 11 anashona kwa mkono, na akishanyoosha mshono wa mkono ndipo akae kwenye cherehani, mtu mzima akiwa pembeni. Aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba na sasa anangoja matokeo ya Januari mpe usimamizi. Kungoja kunamchosha kijana, na mikono yenye kazi inampumzisha.

Wavulana nao wakae mkekani. Akitokea wa kusema kushona ni kazi ya wasichana, mpelekeni mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, asubuhi akawaone wavuvi wakiwa wamekaa chini, wamenyoosha miguu, wanashona nyavu tundu kwa tundu. Huku ziwani wanaume wamekula kwa kushona siku zote.

Foronya ya makochi kwa vipande vya kitenge

Vipimo hivi ni vya mto wa sentimita 40 kwa 40, ulio wa kawaida kwenye makochi mengi. Kama wako ni mkubwa zaidi, ongeza miraba, usiongeze upana wa mraba.

Kwanza, osha vipande vyote. Kitenge kipya kina wanga na kinaweza kuruka rangi au kunywea. Loweka vyekundu na vya buluu iliyokolea peke yao, kisha kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Rangi ikihamia kwenye kitambaa cheupe, rudia kuosha, na ikiendelea kutoka kiweke kando kiwe cha kifuta miguu. Anika, piga pasi. Anayetumia pasi ya mkaa aijaribu kwanza juu ya kitambaa kibovu, kwa sababu jivu moja linatosha kuchafua kazi ya siku nzima.

Pili, tenga pamba na isiyo pamba. Mtu mzima achomoe nyuzi mbili tatu na kuziwasha juu ya sahani. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa polista unayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Usichanganye aina hizo mbili kwenye foronya moja, maana pasi inayonyoosha pamba inaunguza polista.

Tatu, kata kwenye kadibodi ya boksi mraba wa sentimita 12 kwa 12. Huo ndio utakuwa kipimo cha watoto wote. Wanauweka juu ya kitambaa, wanazungusha chaki, wanakata. Unahitaji miraba 16 kwa foronya moja. Mambo mawili yaangalie kwa karibu. Pembe za kadibodi zinachoka na kuwa za duara baada ya kuchorewa mara nyingi, kwa hiyo kata kipimo kipya kila foronya. Na upande wa mraba ufuate nyuzi za kitambaa. Ukikata mshazari, mraba unavutika kama mpira na hautakaa sawa na jirani zake. Mfundishe mtoto kuvuta kitambaa kwa mikono miwili: kikivutika, akizungushe kidogo mpaka kigome.

Nne, pangeni miraba juu ya mkeka, minne kwa minne, kabla mtu hajashika sindano. Hapa ndipo raha ilipo, na nawasihi msiharakishe. Mtoto wangu wa pili alikuwa na kipande kimoja chenye jicho la tausi, akakihamisha mara nane, kila mara akisogea nyuma kukitazama, mpaka kikatua kwenye mstari wa pili kutoka juu, kulia. Kilipotua hapo sote tulikiona. Mkikubaliana, piga picha kwa simu. Kesho hakuna atakayekumbuka mpangilio.

Tano, shona mstari kwa mstari. Unganisha miraba minne ya mstari wa kwanza, uso kwa uso, ukiacha sentimita 1 kila mshono. Anayeshona kwa mkono atumie mshono wa kurudi nyuma, ambao sindano inarudi hatua moja kabla ya kwenda mbele, si bandi. Bandi ni ya kushikilia tu na itaachia mto ukikaliwa. Mistari minne ikikamilika, piga pasi mishono ya mstari wa kwanza ikilalia kulia, wa pili ikilalia kushoto, wa tatu kulia, wa nne kushoto. Ukiunganisha mistari, mishono itaumana penye njia panda na pembe nne zitakutana sawasawa. Hii ndiyo siri inayofanya kazi ya nyumbani ionekane ya fundi. Uso mzima ukikamilika utakuwa sentimita 42 kwa 42.

Sita, nyuma. Kata vipande viwili vya shuka, kila kimoja 42 kwa 29. Kwenye upande mmoja wa sentimita 42 wa kila kipande, kunja sentimita 1, kunja tena 1, ushone pindo. Kisha tandaza uso wa viraka ukitazama juu, weka vile viwili juu yake vikitazama chini, pindo zote mbili zikiwa katikati. Vitapandana kwa sentimita 12, na hapo ndipo mto utakapoingilia, bila zipu wala vifungo.

Saba, shona kuzunguka pande zote nne, sentimita 1 kutoka ukingoni. Penye kupandana pita mara mbili, kwa sababu ndipo panapovutwa. Ukingoni piga zigizaga au peleka kwa fundi akupigie ovaloki, nyuzi zisifumuke. Kata ncha za pembe nne bila kugusa mshono, geuza nje, sukuma pembe kwa mpini wa mwiko. Usitumie mkasi kusukumia, unatoboa.

Kwa saa mbili kwa siku na mikono minne, foronya moja inachukua siku tatu. Tulitengeneza nne.

Gugu maji: kutoka ziwani hadi mezani

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu ndiyo kazi iliyotufunza zaidi.

Gugu maji asili yake ni Amerika ya Kusini. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunika mialo na kuzuia mitumbwi, mpaka wakaachiliwa wadudu maalumu wa kulila. Lipo hadi leo, upepo unalisukuma hadi kwenye ghuba na kulirundika. Bua lake likikauka linakuwa laini na imara, na linasukika.

Kwanza kabisa, watoto wasiingie majini kulichukua. Konokono wanaobeba kichocho wanajificha humo humo kwenye magugu, na vijidudu vya kichocho vinaingia mwilini kupitia ngozi iliyogusa maji ya ziwa, hata kama haina kidonda. Nyoka na mamba nao wanayapenda magugu. Kubaliana na vijana wa mwaloni, wale ambao huyavuta nchi kavu kusafisha njia ya mitumbwi. Atakayekata avae buti na glavu za mpira.

Omba mabua marefu. Gugu lililosongamana na wenzake linakua kwenda juu na kutoa bua refu, jembamba, hata la nusu mita na zaidi. Lililo peke yake kwenye maji wazi linatoa bua fupi lenye kibofu, na hilo halisukiki. Kateni majani na mizizi huko huko mwaloni. Mizizi isibebwe nyumbani wala kutupwa kwenye mfereji au bwawa, maana inaota tena.

Kuhusu kiasi, jiandae kushangaa. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 10 ukikauka haufiki kilo moja. Kwa kitu cha kutulia sufuria chenye upana wa sentimita 20 unahitaji mabua 20 hadi 25. Kwa kapu lenye kitako cha sentimita 25 na kimo cha 12, hesabu mabua 100 na zaidi kidogo.

Yaoshe kwa maji ya bomba ukiwa na glavu, kisha yaanike. Sisi wa Mwanza tuna bahati ambayo wengine hawana: mawe. Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe pana lililolala, na likipigwa jua tangu asubuhi linabaki la moto hadi jioni. Mabua yaliyoanikwa juu ya jiwe yanakauka juu na chini kwa pamoja, na mvua ikipita, jiwe linakauka kabla ya udongo. Yatandaze yasipandane, yageuze mara mbili kwa siku, yaingize ndani kila jioni bila kukosa. Jua likiwa zuri ni siku 7 hadi 10. Kwa mvua za vuli inaweza kufika wiki mbili, ndiyo maana kazi hii inaanza siku ya kwanza ya likizo, mkiendelea na foronya huku mabua yakikauka.

Mwaka wa kwanza niliharakisha. Siku ya sita mabua yalikuwa ya kahawia, mepesi, nikayafunga kwenye kiroba na kuyaweka stoo. Nilipofungua baada ya siku nne yalikuwa na ukungu mweupe kama unga na harufu ya kisima kilichofungwa, na watoto walisimama pale wakiangalia kazi yao ya siku sita. Niliumia zaidi kwa ajili yao. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kipimo. Alichukua bua moja, akalipeleka sikioni na kulikunja.

"Sikiliza, mwanangu. Hili limenyamaza. Bado lina maji."

Akachukua lingine lililokauka kweli, akalikunja: likalia kama karatasi. Sasa hata mtoto wa miaka mitano anajua kusikiliza bua. Pima sehemu nene ya chini, si ncha, kwa kuwa ncha inakauka mapema na kukudanganya.

Siku ya kusuka, lainisha tena kidogo: funga mabua kwenye taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, kwa nusu saa. Bua kavu kabisa linakatika ukilikunja. Lenye unyevu kidogo linatii. Litandaze, pitisha chupa ya soda juu yake kwa kulisukuma ili libonyee na kuwa bapa.

Suka kama nywele, mafungu matatu. Funga vichwa kwa uzi, fungia kwenye mguu wa kiti, kaa chini, vuta kwa nguvu ileile muda wote. Upana wa msuko uwe kama kidole cha mwisho, yaani sentimita 1 na nusu hivi. Bua likibaki urefu wa kiganja, lalisha jingine juu yake na kuendelea. Usiongeze mabua mawili mahali pamoja, msuko utavimba; ongeza kwenye fungu moja, songa mbele vidole vitatu, ndipo uongeze kwenye jingine. Kitu cha sufuria kinataka msuko wa mita 2 na kidogo. Kapu linataka karibu mita 10, na hapa ndipo wingi wa watu unapokuwa neema: watoto wanne, kila mmoja mita mbili na nusu. Misuko yao haitafanana, na kapu letu linaonyesha wazi nani alisuka wapi. Nalipenda hivyo.

Kushona: kunja ncha ya msuko iwe duara dogo, ufunge kwa uzi wa nyavu. Zungusha msuko kandokando yake ukiwa umelala bapa, huku shazia, ile sindano nene, likipita kwenye ukingo wa msuko wa ndani na wa nje, mshono mmoja kila sentimita 1. Kila mizunguko miwili, weka kazi juu ya meza uitazame. Ikianza kuinuka kama bakuli, unavuta msuko sana. Fumua mzunguko mmoja na kulegeza. Ikijikunja mawimbi ukingoni, umelegeza mno. Usijiambie kwamba itanyooka mbele ya safari, haitanyooka.

Kwa kapu, kitako kikifika sentimita 25, usiuweke msuko pembeni tena. Uweke juu ya ukingo na uendelee kushona kupanda. Mzunguko wa kwanza wa ukuta ndio mgumu, aufanye mtu mzima. Mwisho wa kazi, punguza mabua ya mafungu yote matatu ili msuko upungue taratibu, uingize ncha ndani na kushona. Kata nyuzi zilizochomoza kwa mkasi.

Kapu hili halipendi maji. Lifute kwa kitambaa kikavu, weka humo vitunguu, mikate au nyuzi za kufumia. Ukungu ukianza kuonekana, lipige brashi, ulirudishe juu ya jiwe siku nzima.

Kifuta miguu

Hiki ni cha wadogo na ni chepesi. Chukua gunia la katani, kata sentimita 60 kwa 40, kunja pindo pande zote. Kata fulana zilizochakaa na vile vitenge vilivyogoma kuacha kuruka rangi viwe vipande vya upana wa vidole viwili na urefu wa sentimita 12. Mtoto anasukuma kipande kwenye tundu la gunia kwa kalamu isiyo na ncha, anakitoa tundu la jirani, anafunga fundo moja. Anaacha matundu matatu, anarudia. Ni mamia ya mafundo, kwa hiyo kila mtoto afunge mstari wake mmoja kwa siku na asilazimishwe zaidi.

Jiko siku za kazi

Siku ya kushona, jikoni pika kitu kisichotaka kusimamiwa. Kande ndilo tegemeo langu: mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku yanakaa jikoni asubuhi yote, unaunga kwa karanga mwishoni. Dagaa zikaangwe kabla vitambaa havijatolewa kwenye beseni, au siku nyingine kabisa; harufu yake inakaa kwenye pamba na haitoki kwa mfuo mmoja. Maandazi vilevile ni ya baada ya saa 10, kwa sababu mikono ya mafuta na kitenge kilichopigwa pasi haviendani. Katikati ya kazi watoto wakiona njaa, kuna michembe ya bibi yao, iliyochemshwa na karanga tangu asubuhi. Wananawa, wanakula, wanarudi.

Kufua ni Jumamosi, na Jumamosi hakuna kazi ya mikono. Kamba moja haiwezi kubeba nguo za watu 10 na vitambaa vya kushonea.

Kuanzia tarehe 20

Usianze kitu kipya. Siku hizi ni za kumalizia pindo, kuvisha mito foronya, na kufagia nyuzi chini ya makochi. Tarehe 23 beseni linafungwa na kupanda juu ya kabati, kwa maana sasa ni zamu ya mchele, viungo vya pilau, na kupanga nani analala wapi. Linashuka tena baada ya Mwaka Mpya, kwa siku chache kabla ya mikiki ya ada na viatu vya shule.

Mama mkwe aliporudi Nansio alichukua kile kitu cha sufuria chenye msuko uliopinda, kilichosukwa na mjukuu wake mdogo. Nilitaka kumpa kilichonyooka akakataa.

Unapovisha foronya kwa mara ya kwanza, weka miraba minne ya ziada ya vitenge vilevile ndani, kati ya mto na kitambaa, pamoja na uzi uliozungushwa kwenye kadibodi. Ukifua, itoe na kuifua pamoja ili ififie sawa na foronya. Mto ukichanika mwezi Machi, kiraka chenye rangi ileile kiko humo humo ndani.